Floksi imegoma: soma dalili kabla hujanunua dawa

Kila mwaka ikifika Februari simu za floksi huanza. "Kijana wangu, zile mbegu ulizonipa zimeoza zote." "Kaka, miche imelala usiku mmoja, njoo uone." Nauza miche kando ya barabara hapa Arusha, chini ya Mlima Meru, na katika maua yote ninayootesha hakuna linaloniletea lawama kama hili. Bado naliotesha, kwa sababu likikubali linafunika tuta zima kwa vichala vya maua yenye petali tano tano, mekundu, ya waridi, ya zambarau, meupe yenye jicho jekundu katikati, na mpita njia lazima asimame.

Mtu akinipigia, siulizi kwanza ameweka dawa gani. Nauliza: ulisia lini?

Floksi ya msimu mmoja, ambayo wataalamu huiita Phlox drummondii, ni ua la Texas, Marekani. Mskoti mmoja, Thomas Drummond, ndiye aliyekusanya mbegu zake huko na kuzituma Uingereza katikati ya miaka ya 1830. Yeye mwenyewe hakurudi kwao kuliona likichanua, alifia Cuba mwaka 1835. Jina lake ndilo lililobaki kwenye ua. Kule Texas mbegu hulala ardhini kiangazi chote, huota baridi inapoingia, mche hukaa chini ukijenga mizizi, huchanua hali ya hewa inapoanza kupata joto, kisha jua kali likifika unamwaga mbegu na kufa. Ukishajua hilo, nusu ya malalamiko yanajijibu. Wengi wetu tunaisia kama bangi-bangi au zinia, maua ambayo jua halijawahi kuyatisha.

Kwa hiyo kalenda kwanza. Arusha, Lushoto na maeneo mengine ya mwinuko kama huu, mimi husia kuanzia mwisho wa Aprili, masika yakianza kupungua nguvu, hadi katikati ya Juni. Maua hufuata wiki 8 hadi 10 baadaye, yaani yanakula baridi yote ya Julai na Agosti. Wa Limuru au Njombe wana uhuru mkubwa zaidi, kwao ni baridi karibu mwaka mzima. Wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa wana dirisha dogo tu, Juni na mwanzo wa Julai, na hata hapo lazima wahangaike kidogo. Nitaeleza.

"Nimesia wiki mbili sasa, hakuna kitu"

Hili ndilo tatizo kubwa, na mara chache sana sababu ni moja. Usimwage udongo bado. Chukua kijiti cha meno, fukua mahali unapojua uliweka mbegu, uitoe moja uiweke kiganjani, uibonyeze kwa ukucha.

Ikiwa ngumu na ndani nyeupe, mbegu ni hai, inangoja tu. Kinachoingojesha ni joto au mwanga. Floksi huota vizuri udongo ukiwa kati ya nyuzi 15 na 18 hivi, na ukishapita 21 uotaji unashuka. Mwaka wa kwanza niliweka trei zangu chini ya banda la mabati, nikijisifu kwamba kuna kivuli. Siku nilipochomeka kipimajoto kwenye udongo saa nane mchana kikasoma 33. Nilikuwa ninazipika. Nikahamishia trei chini ya mparachichi, juu ya sakafu ya saruji yenye ubaridi, zikasoma 19, na siku ya kumi na mbili nikaona shingo za kwanza zimejikunja zinatoka. Mbegu zilikuwa zilezile, za pakiti ileile.

Mwanga nao ni adui wa mbegu hii. Kuna mbegu zinazotaka kuona jua ndipo ziote, kama petunia, ambayo unaitupa juu ya udongo bila kuifunika. Floksi inataka giza. Ifunike kwa udongo mwepesi uliochekechwa, usizidi unene wa penseli, kisha tandaza gunia lililoloweshwa juu ya trei. Ukiifunika nusunusu, mvua ya kwanza au keni yenye tundu kubwa inaifukua, inabaki juu inakodoa macho. Lakini usiizike sana pia: ikienda sentimita 3 chini, chakula chake kinaisha kabla haijafika juu.

Ikiwa mbegu imekuwa laini, inatoa uji ukiibonyeza, hiyo imeoza. Hapo ni maji mengi kwenye udongo mzito, au mbegu ilikuwa imeshakufa ndipo ikaoza. Na kama hukuti kitu kabisa, au unakuta maganda tu, angalia sisimizi. Wanabeba. Inua miguu ya meza ya trei, kila mguu uusimamishe ndani ya kopo la maji, utalala usingizi.

Kama hujui mbegu zako ni hai au la, zipime kabla ya kuzisia. Mbegu ya floksi haidumu sana, mwaka mmoja au miwili hivi na nguvu zinapungua, na pakiti nyingi tunazouziwa zimekaa kwenye rafu dukani, mlangoni, jua linapiga. Chukua mbegu 20, zipange juu ya karatasi ya shashi iliyolowa lakini isiyochuruzika, kunja, tia kwenye kopo la siagi lenye kifuniko, weka kabati la chini kabisa kwenye sakafu. Siyo kwenye friji, humo ni baridi mno. Baada ya siku 14 fungua uhesabu. Zikiota 14 na zaidi, sia kwa raha. Zikiota 8 hivi, sia mara mbili ya ulivyokusudia. Zikiota mbili tatu, wape kuku.

Walio pwani, ujanja ninaowapa ni chungu au trei ya udongo wa kuchoma, siyo ya plastiki. Udongo wa kuchoma unavuja maji taratibu na yakikauka pembeni yanaondoka na joto, kama mtungi wa maji ya kunywa. Iweke sakafuni upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana, gunia bichi juu yake, lilowe asubuhi na jioni. Hutapata nyuzi 16 Dar, lakini tofauti na trei nyeusi iliyo juani ni kubwa.

Jambo moja la mwisho hapa, nalo ni subira. Siku 10 hadi 15 ni kawaida, na nimeona trei ikitoa miche siku ya ishirini. Watu wengi wanakata tamaa siku ya nane, wanafukua, wanasia kitu kingine juu yake, kisha wanashangaa floksi inachipua katikati ya mchicha.

"Imeota vizuri, lakini mirefu, myembamba, inaegemea"

Ulisahau kutoa gunia. Giza ni la mbegu, mche unataka mwanga. Ukiona hata shingo tano zimetoka, gunia liondoke siku hiyohiyo, trei isogee penye mwanga mwingi na jua la asubuhi. Mche ulioshavutika haurudi kuwa mfupi. Unaweza kuuokoa kwa kuupandikiza chini zaidi kidogo, lakini kama mbegu zipo, mimi huanza upya.

"Miche imelala usiku mmoja"

Usinyunyize kitu bado. Piga magoti uangalie mahali shina linapogusana na udongo, maana kuna wahalifu wawili na dawa ya mmoja haimgusi mwenzake.

Kama shina pale chini limekuwa jembamba kama uzi uliolowa, rangi ya kahawia, na mche umelala na majani yake yote, hicho ni kinyausi. Ni ukungu wa udongoni. Huanza kona moja ya trei na kupanuka kama doa la mafuta kwenye kitambaa. Waliolala hawaamki. Kata kipande hicho cha udongo na miche yake, pamoja na ukingo wa miche inayoonekana bado mizima, ukitupe mbali, si kwenye lundo la mboji. Kisha acha kumwagilia hadi uso wa udongo ukauke kidogo, ondoa kila kinachozuia upepo, na kuanzia hapo nywesha asubuhi tu, kwa kuisimamisha trei kwenye beseni lenye maji kidogo ili yapande kutoka chini.

Kinyausi huletwa na mambo matatu ambayo sisi wenye vitalu tunayafanya kila siku: kusia mbegu zikiwa zimebanana, kutumia udongo wa mwaka jana, na kumwagilia jioni. Udongo wa kitalu nauchanganya nusu udongo wa juu uliochekechwa, robo mchanga wa mtoni, robo mboji iliyoiva kabisa, halafu naumwagia maji yanayochemka na kuuacha upoe hadi kesho yake. Ni kazi, kuni zinateketea, lakini tangu nianze sijapoteza trei nzima.

Sasa, kama shina limekatwa safi kama kwa wembe, na jani limelala pembeni au limevutwa nusu kuingia ardhini, huyo ni sota, kiwavi wa udongoni. Chimbua kwa kidole sentimita mbili tatu kuzunguka kisiki, utamkuta amejikunja kama herufi C, mnene, rangi ya kijivu. Mponde. Kisha zungushia kila mche pete ya karatasi ngumu, hata boksi la dawa ya meno ukilikata vipande linafaa, nusu izame ardhini nusu ibaki juu. Na kama unaona njia zinazong'aa za ute, ni koa au konokono. Toka na tochi saa tatu usiku na ndoo ya maji ya chumvi.

"Nilipandikiza ikiwa nzuri, sasa imedumaa"

Floksi haipendi kuguswa mizizi. Ukiing'oa kwenye tuta la kitalu kwa vidole, ukatikisa udongo, ukaihamisha saa tano asubuhi, itakaa wiki tatu bila kuongeza jani. Mingine hujaribu kuchanua ikiwa na urefu wa kidole, ua moja la kusikitisha, basi.

Ukiweza, sia moja kwa moja bustanini mahali itakapoishi, kisha punguza. Kama lazima upandikize, sia mbegu mbili mbili kwenye vikombe vya magazeti (funga ukurasa kwenye chupa, kunja kitako, toa chupa), hamisha mche ukiwa na jozi mbili au tatu za majani ya kweli, kikombe na chote kiingie ardhini, jioni, na uweke kivuli cha majani ya mgomba kwa siku tatu. Hakikisha ukingo wa gazeti hautokezi juu ya udongo, ukitokeza unafyonza maji na kuyapeleka hewani.

Wakati wa kupunguza miche kuna neno la wazee wa bustani: usitupe iliyo midogo yote ukabakiza minene tu, kwa sababu mara nyingi ile minyonge ndiyo yenye rangi za pekee. Mimi huacha michache, na sijajuta.

Kama imedumaa na hukuhamisha, angalia udongo. Udongo wetu wa volkano hapa Meru unapitisha maji vizuri, lakini mteja wangu mmoja upande wa kusini mwa mji ana mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kugeuka matope masika. Kwake floksi ilikuwa inakaa maji miguuni. Alipoinua tuta kwa sentimita 20 na kuchanganya mchanga na mboji, ikakubali. Ng'oa mmoja unuse mizizi: myeupe isiyo na harufu ni mizima, ya kahawia inayochubuka kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa imeoza.

"Majani mengi, maua hakuna"

Samadi mbichi. Sina haja ya kurefusha. Tumezoea kwamba mbolea nyingi ni mapenzi mengi, lakini samadi ya ng'ombe isiyoiva au urea inaipa floksi majani laini ya kupendwa na vidukari, na maua yanachelewa. Acha mbolea, mwagilia kawaida, ngoja. Sababu ya pili ni kivuli: inataka jua saa 6 kwa siku, isipokuwa pwani, ambako kivuli cha mchana kinaisaidia.

Kama ni shina moja tu refu lenye kichala kimoja juu, hukukata ncha. Mche ukifika urefu wa kidole cha kati, kata ncha yake kwa kucha juu ya jozi ya majani. Itatoa matawi kadhaa, na kila tawi na kichala chake.

"Majani yana unga mweupe"

Hapa Julai ukungu wa mlimani unashuka usiku, mchana unakuwa mkavu, na barabara za vumbi zinapita kila mahali, kwa hiyo swali la kwanza ni kama huo ni ugonjwa au vumbi. Lowesha kidole, futa. Vumbi linakaa juu ya jani sawasawa na likioshwa linaisha. Ubwiri unga huanza kwa madoa ya duara, hasa majani ya chini na ya ndani yasiyopata hewa, ukiufuta unatoka, na baada ya siku chache umerudi pale pale.

Ubwiri unga hauhitaji jani kulowa maji kama kuvu wengine. Unapenda msongamano, usiku wenye unyevu na mchana mkavu. Dawa yake ya kwanza ni nafasi: sentimita 20 kati ya mche na mche, na zaidi kidogo kwa aina ndefu. Ng'oa mche mmoja katikati ya kila mitatu kama umeshachelewa, inauma lakini iliyobaki itakushukuru. Toa majani yaliyoshikwa, uyachome. Mwagilia chini, si juu ya majani. Kama ubwiri bado unaenea, salfa ya kuyeyusha kwenye maji inafanya kazi ikipigwa mapema, madoa yakiwa machache, asubuhi au jioni kukiwa na ubaridi. Usiipige kwenye jua kali, inaunguza majani, na hapo utakuja kuniuliza kuhusu ugonjwa wa tatu.

"Majani yamefifia, yana vidoa kama yamechomwa sindano"

Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge mara tatu. Vitone vikianza kutembea, ni utitiri. Ukisugua karatasi vinaacha mchirizi. Hawa ni wa kiangazi, Januari na Februari hasa, na ukiwaona ujue floksi yako ipo nje ya msimu wake. Pigisha maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, siku tatu mfululizo. Ukiona wadudu kwenye ncha changa, wa kijani au weusi, wananata na sisimizi wanapanda na kushuka, ni vidukari. Maji ya sabuni ya kipande, kijiko kimoja kwenye lita moja, yanawatosha. Suuza baadaye.

"Ilichanua vizuri, ghafla imekoma"

Mara nyingi haijaugua, imemaliza kazi. Ikishafunga mbegu haina sababu ya kuendelea. Kata vichala vinavyonyauka kila wiki, na tuta likichoka, likate lote hadi sentimita 8 hivi kutoka ardhini, mwagilia vizuri. Kama bado kuna baridi, Agosti hivi, itachipua na kuchanua mara ya pili. Kama ni Desemba na jua limeshapanda, usiihangaishe.

"Nimepanda mbegu zangu mwenyewe, rangi siyo ile"

Huyu mama aliyenilalamikia alikuwa na floksi nyekundu tupu, kando yake jirani ana za waridi na nyeupe. Ua hili kwa kawaida halijichavushi lenyewe, vipepeo ndio wanaohamisha chavua kutoka mche hadi mche, na kipepeo hajui ukuta wa jirani. Mbegu za tuta lililochanganyika zitakupa mchanganyiko. Kwa sababu hiyohiyo, mche mmoja peke yake kwenye chungu barazani unaweza kuchanua miezi miwili usikupe mbegu hata moja. Ukitaka rangi moja, panda rangi moja, mingi, mbali na nyingine, na ung'oe mara moja unaochanua tofauti.

Kuvuna nako kuna kisa. Kidonge cha mbegu kikikauka kinapasuka chenyewe na kurusha mbegu mbali, kwa hiyo ukingoja vyote viwe vya kahawia utakuta maganda. Kata vichala vidonge vikianza kugeuka njano, vitie kwenye bahasha ya kaki, usijaze, funga mdomo, iache chumbani mahali pakavu. Usiku wa kwanza mke wangu aliniamsha akidhani kuna panya ndani ya karatasi. Tik. Kimya. Tik, tik. Ikinyamaza kabisa, baada ya wiki hivi, pepeta, andika mwezi na mwaka juu ya bahasha, ihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko hadi mwisho wa Aprili.